Jino Lililofika Mahakamani

Kisa hiki kinaanza na jino bovu. Sogeeni hapa wanangu, na mwenye simu mkononi aiweke pembeni kidogo, maana majina ni mengi na ya kigeni, na mimi si mtu wa kurudiarudia.

Mji wenyewe unaitwa Greensboro, uko jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Akina Cone walitajirika pale kwa kufuma kitambaa cha jinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwepo daktari wa meno aitwaye George Simkins, mtu mweusi. Siku moja akapokea mgonjwa, mwanafunzi wa A&T, chuo cha Weusi mjini humo. Shavu limevimba, homa imepanda. Gego la nyuma kabisa lilikuwa limekwama ndani ya taya na kutunga usaha.

Jino msilione dogo. Usaha wa gego ukikosa pa kutokea huweza kushuka shingoni ukabana njia ya hewa, au ukaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Mgonjwa wa namna hiyo hapewi vidonge akaambiwa arudi Jumatatu. Anatakiwa alazwe, apewe dawa za mshipani, na jino litolewe penye vifaa vya upasuaji. Simkins alilijua hilo, akanyanyua simu.

Akapiga L. Richardson Memorial, hospitali ya Weusi iliyofunguliwa mwaka 1927. Imejaa, na kupata kitanda ni kusubiri wiki kadhaa. Akajaribu Moses H. Cone Memorial, iliyojengwa kwa urithi wa yule tajiri wa jinzi na kufunguliwa mwaka 1953. Vitanda vipo. Akajaribu Wesley Long. Vipo vilevile. Ila huyu kijana, kwa ngozi aliyozaliwa nayo, havikuwa vyake.

Ngoja niwaeleze mambo yalivyokuwa yamepangwa, kwa sababu ukisikia neno ubaguzi unaweza kudhani ni roho mbaya ya mtu mmoja mlangoni. Hapana. Ule ulikuwa utaratibu wenye karatasi zake, bajeti zake na ramani zake. Kulikuwa na hospitali zisizopokea Weusi kabisa. Wesley Long ilikuwa kundi hilo. Nyingine ziliwapokea lakini zikawalaza chini kabisa ya jengo, kwenye vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi, na vitanda vyao vikahesabiwa kando. Vikijaa, vimejaa, hata kama ghorofani wodi ya Wazungu ina vitanda vitupu vimetandikwa shuka safi. Mlango wao kando, benchi lao la kusubiri kando.

Hata damu ilitengwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilianza kwa kukataa kabisa damu ya Weusi. Mwaka 1942 likakubali kuipokea, kwa sharti ikae mbali na ya Wazungu, na mpaka mwaka 1950 chupa zilikuwa bado zinaandikwa rangi ya aliyetoa. Damu, wanangu! Iweke chini ya darubini uitazame mpaka macho yaume, hutajua imetoka kwa nani. Maabara inachotafuta ni kundi: A, B, AB au O.

Aliyelijua jambo hilo kuliko wengi alikuwa Dk. Charles Drew, daktari mweusi ambaye utafiti wake juu ya kuhifadhi damu ulisaidia kupeleka plazma Uingereza mwaka 1940, mji wa London ukipigwa mabomu. Kuhusu kifo cha Drew kuna hadithi mtakayokutana nayo, na nataka muisikie kwangu kwanza. Inasema Drew alipata ajali ya gari North Carolina, akapelekwa hospitali ya Wazungu, wakamkatalia damu, akafa kwa kukosa kitu kilekile alichowapa wengine. Hadithi inasisimua kweli. Tatizo ni kwamba haikutokea hivyo. Drew alipata ajali kweli, tarehe 1 Aprili 1950, akiendesha gari pamoja na madaktari wenzake. Usingizi ulimchukua kwenye usukani. Alipelekwa hospitali ya Alamance General, mji wa Burlington, na madaktari wa Kizungu walihangaika naye. Majeraha yalikuwa makubwa mno. Waliokuwa naye garini walisema hivyo, na familia yake ikasema hivyo.

Basi hadithi ilitoka wapi? Miezi minane baadaye, tarehe 1 Desemba 1950, katika wilaya hiyohiyo, kijana mwingine mweusi alipata ajali ya gari. Jina lake Maltheus Avery, umri miaka 24, alikuwa amepigana vita ya dunia akarudi, akajiandikisha kusoma pale A&T. Naye alifikishwa Alamance General, wakaona hali yake inahitaji hospitali kubwa zaidi, wakamkimbiza hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham. Duke wakasema vitanda vya Weusi vimejaa. Akahamishiwa Lincoln, hospitali ya Weusi ya mji huo, na muda mfupi baadaye akakata roho. Watu wakayachanganya mambo mawili, na jina kubwa likalimeza dogo. Mimi Drew nampenda, lakini nikisimulia habari hii namtaja Avery kwanza kila ninapoweza.

Sasa rudini Greensboro, tuwaangalie madaktari wenyewe. Cone, tofauti na Wesley Long, iliruhusu Weusi wachache waingie, iwapo wanahitaji tiba isiyopatikana Richardson. Ila daktari wao mweusi hakuruhusiwa kuingia kuwatibu. Anamfikisha mgonjwa wake mlangoni, anamkabidhi kwa daktari wa Kizungu ambaye mgonjwa hajawahi kumwona, anageuza gari. Mjini humo alikuwepo Dk. Alvin Blount, daktari wa upasuaji aliyetibu majeruhi katika hospitali ya jeshi kule Korea wakati wa vita. Jeshini alipasua kila aliyeletwa na machela. Kurudi nyumbani, chumba cha upasuaji cha Cone kikawa mwiko kwake. Na vyama vya madaktari vya majimbo mengi ya kusini vilikuwa vimefunga mlango kwa Weusi, na bila uanachama hospitali nyingi hazikukupa ruhusa ya kulaza mgonjwa. Mnaona mduara ulivyofungwa?

Na kabla hamjasema hao Wamarekani, hao: mwaka 1954, mwaka mmoja tu baada ya Cone kufunguliwa, Nairobi ilifunguliwa hospitali mpya kilimani. Iliitwa Hospitali ya Wazungu, na kazi yake ilikuwa kama jina lake. Ndiyo hii Nairobi Hospital ya leo. Waafrika walikuwa na ya kwao, iliyoanza mwaka 1901 kwa jina la Hospitali ya Wenyeji na leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa huyu Simkins hakuwa mtu wa kujibiwa hapana kwenye simu akalala. Mwaka 1955 yeye na wenzake watano walikwenda kwenye uwanja wa gofu wa Gillespie Park, wakaweka hela ya kiingilio mezani, wakaanza kucheza. Uwanja ule ulikuwa mali ya jiji, umetengenezwa kwa fedha za wananchi. Ili Weusi wasicheze, jiji lilikuwa limeukodisha kwa klabu kwa dola 1 kwa mwaka, halafu likasema: samahani, hii sasa ni mali binafsi. Wakakamatwa kwa kosa la kuingia pasipo ruhusa, wakahukumiwa kifungo cha siku 30. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Gavana ndiye aliyewaondolea kifungo. Mbali na hukumu hiyo ya jela, jaji mwingine alikwisha kusema kuwa ujanja ule wa kukodisha ni ubaguzi tu. Jengo la klabu likaungua, na jiji likaona bora lifunge viwanja kuliko kuvifungua kwa wote.

Mtu aliyepitia hayo akiambiwa tena neno binafsi, masikio yanasimama. Hospitali zile mbili zilijiita binafsi. Simkins akajiuliza swali ambalo ningependa nanyi muwe nalo mfukoni kila mnapoonyeshwa jengo kubwa: nani alilipia?

Jibu lilikuwa kwenye sheria ya mwaka 1946. Baada ya vita Marekani iligundua kwamba sehemu nyingi, hasa vijijini na kusini, hazina hospitali. Maseneta wawili, Lister Hill wa Alabama na Harold Burton wa Ohio, wakapeleka muswada, Rais Harry Truman akautia saini: serikali kuu itatoa ruzuku kujenga hospitali nchi nzima, na majimbo yatapanga zijengwe wapi. Ilikuwa sheria nzuri, nasema kwa moyo mweupe, maana ilileta vitanda mahali ambapo watu walikuwa wakifia njiani. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja. Kilianza kwa kusema hospitali zitakazopata ruzuku zisibague mtu kwa rangi. Kisha kikaongeza: isipokuwa pale ambapo kuna huduma za kutengana, kila kundi na yake, mradi mgawo ni wa haki.

Isipokuwa! Neno moja, na North Carolina nzima ikapita hapo. Mgawo wa haki ulipimwa na nani? Na haohao waliotenga.

Kuhusu huyo seneta Hill kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka natikisa kichwa. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji mjini Montgomery, Alabama. Mwaka 1902 aliitwa usiku kwenye kibanda cha familia ya Weusi, ambako mtoto wa miaka 13 alikuwa amechomwa kisu kifuani. Kisu kilikuwa kimegusa moyo. Wakamlaza yule mtoto juu ya meza ya jikoni, wakawasha taa za mafuta ya taa, na Dk. Hill akafungua kifua, akaushika moyo unaodunda, akaushona. Mtoto akapona. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani mtu kushonwa moyo na kuishi. Baba alishona moyo wa mtoto mweusi kwenye meza ya jikoni; sheria ya mwana ikaja kusema mtoto kama yule aweza kukataliwa kitanda kwenye hospitali yenye umeme na vifaa vyote. Sina maelezo ya kuwapa hapo. Binadamu ndivyo tulivyo.

Kwa sheria hiyo Cone ilipata takriban dola milioni 1.27, na Wesley Long karibu dola milioni 1.95. Hela hizo zilikatwa kwenye kodi za watu wote, pamoja na fundi mweusi, dobi mweusi, mwalimu mweusi wa Greensboro. Ni kama mtaa mzima uchangie harusi, kadi ziandikwe, ukumbi ulipiwe, halafu siku ya siku wewe uliyechanga usimamishwe mlangoni uambiwe shughuli ni ya ukoo.

Simkins wakati huo alikuwa mwenyekiti wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Mji nao ulikuwa moto: Februari 1960 wanafunzi wanne wa A&T walikuwa wameketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth's iliyokuwa ya Wazungu tu, wakagoma kuondoka, na mfano wao ukasambaa kusini kote. Basi haikuwa kazi kubwa kupata watu wa kusimama naye. Februari 1962 watu 11 walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho: madaktari sita, madaktari wa meno watatu na wagonjwa wawili. Blount alikuwa mmoja wao. Fikirieni ujasiri wenyewe. Hao si vijana wa maandamano wasio na cha kupoteza. Ni watu wazima wenye zahanati, mikopo na watoto shuleni, wanazishtaki hospitali mbili kubwa za mji wao wenyewe.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kuisema, ngumu kuishinda. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani yanaikataza serikali ya jimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Serikali, si mtu binafsi. Hospitali zikasema: sisi si serikali, bodi zetu ni za watu binafsi, tunampokea tumtakaye. Upande wa pili ukasema: mmechukua fedha za serikali, mmejengwa kwa mpango wa serikali, na ubaguzi wenu umeandikwa kwenye sheria ya serikali. Mkono wenu na wake ni mmoja.

Hapo likatokea jambo ambalo mawakili hulisimulia mpaka leo. Wizara ya Sheria ya Marekani, chini ya Mwanasheria Mkuu Robert Kennedy, mdogo wake Rais wa wakati huo, iliingia kwenye kesi. Kwa kawaida serikali huingia mahakamani kutetea sheria zake. Hii iliingia upande wa Simkins, ikamwambia jaji: kifungu hiki cha sheria yetu kinavunja Katiba, kifuteni.

Jaji wa kwanza hakushawishika. Desemba 1962 aliwapa ushindi wenye hospitali: ruzuku haimgeuzi mtu binafsi kuwa serikali. Wakakata rufaa. Tarehe 1 Novemba 1963 jopo la majaji watano wa Mahakama ya Rufaa, likiongozwa na Jaji Simon Sobeloff, likaamua kwa kura 3 dhidi ya 2: hospitali zilizoshiriki katika mpango ule zinabanwa na Katiba kama serikali inavyobanwa, na lile neno isipokuwa, na kifungu chake, ni batili. Tatu kwa mbili! Jaji mmoja angegeuka upande wa pili, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Hospitali zikakimbilia Mahakama Kuu, nayo Machi 1964 ikakataa hata kuisikiliza rufaa yao. Mwaka huohuo Blount akawa daktari mweusi wa kwanza kufanya upasuaji pale Cone.

Mkidhani kengele ililia na milango ikafunguka nchi nzima, mmekosea. Hukumu ile ilizigusa hospitali za eneo la mahakama ile. Julai 1964 ikaja Sheria ya Haki za Raia, yenye sehemu inayosema: anayepokea fedha za serikali kuu haruhusiwi kubagua. Hospitali nyingi za kusini zikaisoma, zikaikunja, zikaiweka kwenye droo. Fedha zilikuwa zimekwisha kupokewa na majengo yamekwisha kujengwa. Ungewanyang'anya nini, matofali?

Kilichowaamsha ni bima. Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alisafiri mpaka nyumbani kwa mzee Truman, yule yule aliyetia saini sheria ya ruzuku mwaka 1946, akatia saini mbele yake mpango wa Medicare: serikali kuu italipia hospitali wazee wote wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Truman akapewa kadi ya kwanza. Mzee ndiye anayeugua mara kwa mara, ndiye anayelazwa siku nyingi, na mara nyingi ndiye aliyekuwa hana cha kulipa. Ghafla kila mzee ni mteja mwenye mlipaji wa uhakika. Hospitali ipi ingeukataa mto huo wa fedha, mwaka baada ya mwaka? Malipo yangeanza tarehe 1 Julai 1966, na sharti likawa moja: isiyoacha utengano haipati hata senti.

Serikali ikaunda ofisi ndogo ya kukagua, ikaazima watumishi kutoka idara nyingine, wengine wakajitolea, na vijana waliotoka kwenye harakati za haki wakiwemo. Mamia ya watu walitawanywa kuzikagua maelfu ya hospitali kwa muda wa miezi michache. Nami hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika kisa chote, kuliko hata mahakamani. Wakaguzi walikuwa wakifika, wanakuta vibao vya Wazungu na Weusi vimepakwa rangi juu yake asubuhi hiyohiyo. Wagonjwa wamehamishwa vitanda kwa siku moja, huyu mweusi kapelekwa juu, yule Mzungu kaletwa chini, na mkurugenzi anatabasamu. Mkaguzi akiondoka, kila mtu anarudi alikotoka. Danganya toto.

Lakini hospitali ina watu wengi, na si wote wana siri na mkurugenzi. Kuna anayepiga deki. Kuna wa jikoni, kuna wa dobi, kuna muuguzi msaidizi wa zamu ya usiku. Hao walinong'ona. Wakaguzi wakajifunza kuanza na Weusi wa mji kabla ya kwenda kwenye ofisi yenye zulia, na wafanyakazi wakapiga simu kwa siri kusema kitu gani kilihamishwa, lini, na kitarudishwa saa ngapi. Vitabu vya historia vinamtaja Johnson, navyo vina haki. Yule mfagizi aliyejua kitanda kipi kilisukumwa usiku hakuandikwa jina popote, kwa sababu kuandikwa jina kungemfukuzisha kazi.

Ndani ya miezi isiyofika minne, hospitali zipatazo 1,000 ziliacha utengano. Nchi ambayo shule zake zilikuwa zimepigwa danadana kwa zaidi ya miaka 10 tangu mahakama iamuru zichanganywe, ilibadilisha wodi zake kati ya masika na kiangazi cha mwaka mmoja. Wapo wanaopenda kusema mioyo ililainika. Mimi naona hesabu zilifanyika.

Matokeo yake yalionekana pasipotarajiwa, kwa watoto wachanga wa Mississippi, ambao bima ya wazee haikuwahusu hata kidogo. Wachumi waliozichunguza takwimu baadaye waliona kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1960 vifo vya watoto weusi waliovuka mwezi wa kwanza lakini hawajafikisha mwaka vilishuka kwa kasi, hasa vya kuhara na nimonia. Haya ni magonjwa ambayo kuwahi hospitali ndiyo kila kitu. Mtoto anayehara hukauka maji kwa saa chache: utosi unabonyea, analia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Kinachomwokoa ni maji yenye chumvi na sukari ya kunywesha, au ya dripu, na muuguzi wa kuyahesabu. Dripu zilikuwepo siku zote. Mama zao ndio hawakuruhusiwa kufika zilipo.

Msije mkadhani kila kitu kiliishia kwa vigelegele. Hospitali za Weusi, zile zilizobeba mzigo miaka yote, zilianza kukosa wagonjwa na fedha. Waliokuwa na bima walikwenda kwenye majengo mapya. Waliobaki walikuwa maskini. Moja baada ya nyingine zikafungwa. Homer G. Phillips ya St. Louis, iliyofunguliwa mwaka 1937 na kufundisha madaktari na wauguzi weusi wasiohesabika, ilifungwa mwaka 1979 huku watu wa mtaa wakiandamana kuitetea. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza sikujua niegemee upande gani, na mpaka leo sijui. Jengo lilizaliwa na ubaguzi, ni kweli. Lakini ndilo mahali ambapo binti mweusi aliweza kuwa muuguzi mkuu na kutoa amri ikasikilizwa.

Mwaka 2016 shirika linaloendesha hospitali ya Cone lilimwomba radhi Dk. Blount hadharani, akiwa na umri wa miaka 94, mlalamikaji pekee aliyebaki hai kati ya wale 11, likatoa na dola 250,000 za kusomesha vijana. Simkins alikuwa amefariki mwaka 2001. Blount aliondoka Januari 2017, miezi michache baada ya kuombwa radhi.

Mmoja wenu ataniuliza kama basi yameisha. Vibao vimeondoka. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2021 zinaonyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake weusi 69.9 walikufa kwa sababu za uzazi, na wanawake wa Kizungu 26.6. Sababu ni nyingi na wataalamu wanabishana: umaskini, bima, maradhi ya presha, hospitali ipi iko karibu na nani, na mgonjwa kutosikilizwa anaposema anaumwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza Wazungu wanaosomea udaktari maswali kuhusu miili, na karibu nusu yao wakakubali angalau jambo moja la uongo, kama vile kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi.

Tena kuna kile kibanio kinachowekwa kwenye kidole kupima oksijeni, ambacho wengi wenu mlikifahamu wakati wa Uviko. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma kiasi gani kimefika upande wa pili. Rangi ya ngozi nayo inaunyonya mwanga huo. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walilinganisha namba za kibanio na kipimo cha damu yenyewe, wakaona kwamba kibanio kikisoma oksijeni inatosha, kwa wagonjwa weusi kilikuwa kimekosea, na oksijeni iko chini sana, mara 11.7 kati ya 100. Kwa Wazungu, mara 3.6. Hapa hakuna aliyemfukuza mtu mlangoni. Wengi wa watu ambao vifaa hivyo vilijaribiwa kwao walikuwa na ngozi nyeupe, basi. Mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ilitoa Januari 2025 rasimu ya mwongozo unaotaka vijaribiwe kwa watu wengi zaidi na wa rangi zote za ngozi, lakini vilivyokwisha kuuzwa vingali kazini, kule na huku kwetu. Kwa hiyo siku nesi akikibana kwenye kidole cha bibi yako, namba isome 95, na wewe unamwona bibi anahema kwa shida na midomo imebadilika rangi, usinyamaze kwa heshima ya mashine. Mwambie, "Nesi, shikamoo, naomba umtazame bibi tena."